Mvule wetu umeangushwa na upepo: nipasue mbao au niuze gogo zima?

Mama Rehema, Jinja
Salaam kwenu nyote. Kwenye shamba la marehemu baba mkwe, huko Kaliro, hapa Uganda, upepo umeng'oa mvule mkubwa. Watu wazima wawili wakishikana mikono hawauzunguki. Shemeji yangu ameshaleta mfanyabiashara anayetaka gogo lote, pesa mkononi. Sisi tunajenga, tumefika kwenye lenta, na tunahitaji fremu, milango, kitanda na meza. Fundi wetu anataka kupasua wiki hii na kuanza kuranda wiki ijayo. Mwingine kaniambia mvule una mawe ndani, unavunja misumeno, nisijisumbue. Nani anaujua mti huu kwa mikono yake? Kwamba ni mbao nzuri najua, msinirudishe hapo.

Fundi wa Ndeeba
Dada, usiuze. Kwanza jiulize mbona huyo bwana ana haraka kuliko nyinyi wenye mti.

Mawe ni kweli kabisa. Ni chokaa inayojikusanya ndani ya mti, mara nyingi pale ulipowahi kujeruhiwa, na inakuwa ngumu kama jiwe la kawaida. Mengine yamejificha, huyaoni mpaka meno ya msumeno yakutane nayo. Dalili yake ni mbao kuwa nyeusi kuliko kawaida mahali pamoja. Si mvule wote unayo. Mwambie mpasuaji aje na mnyororo wa akiba na tupa, na mkubaliane kabla nani analipia meno yakikatika. Wengi hugombana hapo.

Usumbufu mwingine ni nyuzi. Katika mvule nyuzi zinapishana, tabaka hili linalala huku, linalofuata linalala kule. Ukiranda, upande mmoja unateleza, mwingine unachomoka vipande. Dawa ni randa kali sana, kula kidogo kidogo, kisha umalizie na msasa. Fundi mwenye randa butu atakuharibia mbao za thamani halafu alaumu mti.

Na hilo la kuranda wiki ijayo, akatae mwenyewe kama ni fundi.

Abu Twaha, Kibuli
Fundi wa Ndeeba kasema vizuri ila anamtisha mama wa watu. Mvule unakauka bila vituko vingi. Haupindi ovyo kama mbao nyingine tunazouziwa zikiwa mbichi, na ukishakauka unatulia, hauvimbi sana msimu wa mvua. Ndiyo sababu fremu za mvule za nyumba za zamani hapa mjini bado zinafunga sawasawa. Wao wamefika lenta, watasubiri mpaka lini?

Fundi wa Ndeeba
Mzee Abu, kukauka bila vituko hakumaanishi kukauka kwa siku saba! Lakini nakubali tuzitenganishe kazi. Fremu nene zinaweza kuingia ukutani zikiwa hazijakauka mpaka ndani, mradi zimeshikwa vizuri na hazijapakwa vanishi bado. Mlango wenye paneli hapana. Ukikaukia ukutani utaachia viungo na utaona mwanga katikati. Wahamie na milango ya bei nafuu ya muda, ya mvule ije baadaye.

Mbao zipangwe kivulini, juu ya matofali, vijiti vya unene mmoja kati ya kila safu na vikae mstari mmoja juu ya mwingine. Ncha zipakwe rangi yoyote nzito zisipasuke. Mabati juu, pembeni wazi upepo upite. Za inchi moja zitahitaji miezi, za inchi mbili zaidi. Kuna wenye kipimo cha unyevu, muombe akupimie: kwa mlango na meza nataka kuona asilimia 12 hadi 14.

Mzee wa Masindi
Mnapasua mti wa watu hewani, hakuna aliyeuliza karatasi. Mama Rehema, mvule ni mti unaolindwa, hata ukiwa umeanguka wenyewe kwenye shamba lenu. Anza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, aandike kwamba umeng'olewa na upepo, kisha nendeni kwa afisa misitu wa wilaya kabla msumeno haujawashwa. Kusafirisha mbao hadi Jinja kunahitaji kibali chake. Bila hivyo zitakamatwa njiani, na dereva wa lori atakuacha nazo hapo hapo. Hata kama ni za matumizi ya nyumbani, sheria ya misitu ya 2003 inawahusu. Piga picha shina na shimo la mizizi sasa hivi.

Nakku
Naongezea jambo moja: vumbi. Shangazi ana karakana, na vijana wake wakipiga msasa mvule wanawashwa ngozi, macho mekundu, mmoja mwenye pumu hakaribii kabisa. Barakoa nzuri, si kitambaa, na kazi ifanyiwe nje. Watoto wasicheze kwenye hizo takataka.

Mama Rehema, Jinja
Allah awalipe. Nimemwambia shemeji kwamba mfanyabiashara wake asubiri, amenuna kidogo. Kesho mume wangu anakwenda kwa afisa misitu. Maswali mawili: ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo nitumie? Na vanishi, jirani yangu meza yake ya mvule ilibaki inanata.

Fundi wa Ndeeba
Nyeupe itolewe yote kwenye milango na fremu. Mchwa hauuwezi mvule kwa sababu ya kile kiini cha kahawia, ile nyeupe wadudu wanaitoboa kama mbao yoyote. Tengenezea viti vya jikoni ukitaka.

Kunata ni mafuta ya mti wenyewe. Futa kwa thina, acha ikauke, paka siku hiyo hiyo. Hata kabla ya gundi fanya hivyo. Matundu ya mvule ni makubwa, kwa hiyo ukitaka meza laini kama kioo jaza kwanza kwa fila. Na usishtuke ukiwa wa manjano siku ya kwanza, jua litaugeuza kahawia.

Abu Twaha, Kibuli
Na kabati za ndani msizifanye kwa mvule, ni israfu. Mita moja ya ujazo ikikauka ina karibu kilo 650, mlango wa kabati utang'oa bawaba. Huko tieni musizi, mbao nyepesi zaidi. Mvule uende panaponyeshewa na panapopigwa jua.

Mama Rehema, Jinja
Mume wangu anauliza kama tunaweza kupanda mwingine pale pale.

Mzee wa Masindi
Mnaweza, ila msipande peke yake juani. Kuna mdudu mdogo anayevimbisha majani na vichipukizi vya miche, mche unadumaa au kufa. Uchanganye na miti mingine, upate kivuli ukiwa bado mdogo. Chunguzeni pia chini ya migomba iliyo karibu. Popo hula matunda ya mvule na kuangusha mbegu, huenda miche ipo tayari.