Mjadala: Je, jela ianze na mwanariadha au na aliyemuuzia dawa?

Mwenzangu aliyechangia kabla yangu anataka kila mwanariadha anayepatikana na dawa za kusisimua misuli afungwe jela, kwa hoja kwamba marufuku ya miaka minne haijamwogofya mtu. Uchungu wake ninao pia, kwa sababu tangu Rita Jeptoo, mkimbiaji wa marathoni, anaswe mwaka 2014 sisi Wakenya tumeaibika tena na tena: Jemima Sumgong, bingwa wa marathoni wa Olimpiki ya 2016, kisha Asbel Kiprop wa mbio za mita 1500, na mwaka 2025 Ruth Chepngetich, mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 10. Nisichokubali ni kwamba jela ianze na mkimbiaji.

Nafunza vijana mbio upande wa Keringet, Kaunti ya Nakuru. Mmoja wao, wa miaka 19, alikuja mazoezini alfajiri na chupa ya chai ambayo hakutaka mtu aiguse. Ndani mlijaa barafu, na katikati ya barafu kichupa cha EPO kilichoviringishwa kwa soksi. Alikuwa ameuziwa na mwenye duka la dawa, aliyemwambia kwamba ni vitamini za kuongeza damu na kwamba angelipa salio akishinda. Damu yake haikupimwa hata mara moja.

EPO ni homoni ya figo inayochochea mwili kutengeneza chembe nyekundu za damu, na hospitalini hupewa wagonjwa wa figo waliopungukiwa damu, tena kwa vipimo vya mara kwa mara. Mtu mwenye afya anapojidunga, chembe nyekundu huzidi na damu huwa nzito, na baada ya kilomita 30 za milima, jasho likiwa limemkausha, huwa nzito zaidi. Ikiganda na kuziba mshipa wa moyo, wa mapafu au wa ubongo, kijana anaweza kufa au kupooza akiwa hajawahi kulazwa hata siku moja.

Anayejua afanyalo na kulirudia simtetei. Lakini sheria yetu ya 2016 inaruhusu kumshtaki anayesambaza dawa hizi, na huko ndiko ningependa nguvu ielekezwe. Kijana anayeogopa jela hatamtaja aliyemuuzia, wala hatamwambia daktari alichodungwa siku kifua kitakapombana. Yule wangu alinitajia duka kwa sababu aliniamini. Mwenzangu, kwa pendekezo lako, angemwambia nani?