Inua Jamii: ombi la ulemavu mkubwa limekataliwa kwa mdomo, rufaa inaanzia wapi?

Mlezi, Kayole
Kijana wa miaka 19 ana mtindio wa ubongo na kadi ya Baraza la Watu Wenye Ulemavu anayo. Tulimwombea pesa za Inua Jamii, msaada wa fedha wa serikali ya Kenya, tukaambiwa tu "hajafuzu", barua hakuna. Rufaa inaanzia wapi? Hizo 2,000 kwa mwezi ni nepi zake.

Karani wa zamani
Dada, usikate rufaa dhidi ya neno la mdomo. Anza kwa kudai sababu kwa maandishi. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015, kifungu cha 6, inakupa haki hiyo, lakini uombe mapema, usichelewe.  Wakinyamaza, uamuzi huhesabiwa kuwa haukuwa na sababu nzuri, mpaka wathibitishe vinginevyo.
Mwandikie afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, usiishie kwa chifu. Chapa nakala mbili, moja urudi nayo ikiwa na mhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila mhuri, kesho watasema hawajakuona.

Mama Wawili
Kadi inathibitisha ulemavu, basi. Inua Jamii inataka ulemavu *mkubwa*, wa mtu anayehitaji mlezi saa zote, tena katika nyumba maskini isiyopokea pensheni. Wengi huangushwa na ripoti inayosema "mtindio wa ubongo, yuko kwenye dawa". Hilo ni jina la hali yake tu, na anayeisoma ripoti hajui kijana anaishi vipi.
Rudini kwenye tathmini ya ulemavu katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa. Mlezi aingie na orodha: hawezi kujilisha, hageuki kitandani bila msaada, anavaa nepi mchana na usiku, kifafa humshika mara ngapi kwa wiki. Omba madaktari waandike mambo hayo kwenye ripoti yenyewe, na msitoke kabla ya kuisoma.
Angalia majina pia. Kijana ameshavuka 18, kwa hiyo anahitaji kitambulisho chake, na herufi zilingane na za kadi na ripoti. "Mohamed" huku na "Mohammed" kule inatosha kulikwamisha faili.

Karani wa zamani
Naongezea hapo. Kama sababu ni kwamba nafasi zimejaa, ripoti mpya haitasaidia kitu. Hapo dai jina lake libaki kwenye sajili kwa ajili ya uandikishaji ujao, na hilo nalo ulipate kwa maandishi.

Wakili wa mtaa
Wakikaa kimya, peleka ile nakala yenye mhuri kwa Ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali, West End Towers, Westlands, Nairobi. Hawatozi ada. Mahakama iwe ya mwisho: kifungu cha 9 cha sheria hiyohiyo ya 2015 kinataka kwanza umalize njia za ndani. Na yeyote anayeomba "kitu kidogo" ili alipitishe jina, usimpe. Rufaa hailipiwi.