Mdogo wangu akubali kusomea ufundi wa Il-76, ndege ya mizigo ya Kirusi, au asubiri? Naomba ushauri

Dada wa Mwanga: Wakuu, habari za jioni kutoka Kigoma. Mdogo wangu amemaliza ufundi wa ndege pale Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar. Kampuni moja ya mizigo ya Uarabuni inataka kumsomesha Il-76, kwa mkataba wa miaka mitano bila kuhama. Mshahara mzuri. Mama anasema aende hata kesho. Mimi nasita. Ndege hiyo iliruka mara ya kwanza 1971, na watu wa kanda ya maziwa hatujasahau ile iliyotumbukia Ziwa Victoria ikitoka Mwanza na minofu ya samaki, Machi 2005, wakafa wanane. Naogopea uhai wake. Halafu naogopa amalize mkataba akute ndege zenyewe zimeshakuwa skrepa. Mlio kwenye fani, mngemwambia nini?

Mzee Gungu: Mwacheni aende. Hizo Il-76 zinatua hata kwenye changarawe, zina matairi 20, na Urusi bado inaunda mpya zenye injini za PS-90. Haziishi leo.

Spana17: Dada, umri peke yake hauui ndege. Ndege ya mizigo ikikaguliwa ipasavyo inafika miaka 40. Inayoiua ni spea. Tazama ndege kubwa ya mizigo An-124: inabeba tani 120, pua inafunguka, inapiga magoti mbele, kreni zimo ndani yake. Mpaka leo hakuna mpya ya kuziba nafasi yake. Lakini ilisanifiwa Kyiv, Ukraine, injini zake za D-18T zinatoka Zaporizhzhia huko huko Ukraine, na nyingi ziko mikononi mwa Warusi. Vita vya Urusi na Ukraine vilipopamba moto 2022, moja ikakwama Toronto, na kule Urusi kupata spea halali ikawa shida. Ndege nzima kabisa, ila haina pa kutengenezewa. Hapo ndipo zinaanza kuchinjwa, moja inavuliwa vifaa ili nyingine mbili ziruke. Kwa hiyo mdogo wako aulize injini za kampuni hiyo zinafanyiwa ukarabati mkubwa wapi, na karatasi za kila spea aruhusiwe kuziona. Wakipata kigugumizi, asisaini.

Kaka wa Katubuka: Kwenye ukaguzi nakazia. Novemba 2025 kule Louisville, Marekani, MD-11, ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS, yenye miaka 34 iling'oka injini ya kushoto ikiwa inaruka. Wachunguzi walikuta nyufa za uchovu wa chuma kwenye kishikizo cha injini. Ile ni kampuni kubwa yenye mafundi wa kutosha, dada. Ufa haujali jina.

Spana17: Kweli. Na kama bado ana nafasi ya kuchagua, achague injini kabla ya ndege. Injini ya CF6-80C2 imo kwenye Boeing 747-400 nyingi, 767 nyingi, MD-11, hata C-5M za jeshi la Marekani. ATCL (Air Tanzania) nao wana 767 ya mizigo tangu 2023. Anayeijua injini hiyo, ndege moja ikistaafu anahamia nyingine. Ujuzi wa D-30, injini ya Il-76 za zamani, hauna milango mingi kiasi hicho.

Dada wa Mwanga: Asanteni sana. Nimempigia sasa hivi, kesho anawauliza habari za injini na karatasi. Mama bado kanuna.

Kaka wa Katubuka: Aulize pia: akivunja mkataba, gharama za mafunzo anarudisha kiasi gani? Wengi wamenasia hapo.