Mtu akiomba kitabu mtajieni kitabu, acheni kutupangia madaraja!!

Wakuu habari za jioni. Leo nina hasira, wasimamizi mnivumilie.

Hivi humu mtu akiomba apendekezewe kitabu kwa nini hajibiwi alichouliza? Juzi niliuliza swali jepesi kabisa, nataka riwaya ya Kiswahili, yenye mwendo, isiwe nene sana, ya bi mkubwa wangu, alikuwa msomaji hatari enzi zake ila miaka mingi hajashika kitabu, sasa kastaafu yupo tu nyumbani hapa Ujiji anataka kitu cha kusoma mchana. Basi! Wa kwanza kaja na vitabu vya kutajirika vya Kizungu, tena msururu mzima, eti mama asome abadilishe fikra. Mama ana miaka 70 jamani, abadilishe fikra akafungue kampuni?

Wa pili ndo kaniua kabisa. Nagona ya Kezilahabi, na sababu aliyotoa ni kwamba "ni kifupi". Kifupi kweli, lakini mkuu umekifungua? Kile hata watu wa chuo wanakunja sura, hakuna kisa kilichonyooka cha kufuata, ni ndoto na falsafa mwanzo mwisho, halafu unampa mtu anayerudi kusoma baada ya miaka yote hiyo. Mbona mwandishi huyohuyo ana Rosa Mistika ya 1971, inasomeka vizuri tu na inauma, mpaka ikawahi kupigwa marufuku mashuleni? Ila hiyo hamkutaja, labda haionyeshi kwamba mmesoma sana.

Nikamtaja Ben Mtobwa, yule wa riwaya za upelelezi. Weee! "Hizo za vijana", "hiyo siyo fasihi". Mtobwa ni mzaliwa wa huku huku Kigoma, vitabu vya mpelelezi wake Joram Kiango na vya Willy Gamba wa Musiba vilikuwa vinaazimishwa mtaa hadi mtaa mpaka jalada linatoka na kurasa za mwisho hazipo unabaki kuuliza watu jambazi alikamatwa au la. Na huyu aliyedharau ukimbana kasoma nini mara ya mwisho anakwambia Kusadikika ya Shaaban Robert. Sawa, kitabu cha 1951 hicho, nakiheshimu, Karama anavyojitetea pale barazani namkubali mpaka kesho, lakini wewe ulikisoma kwa ajili ya mtihani na ulivyotoka chumba cha mtihani hujagusa kingine, leo unatupangia sisi cha kusoma!

Aliyejibu la maana ni dada mmoja wa Tabora. Kanitajia Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994 aliyoiandika kwa Kiingereza, Kiswahili chake kafanya Ida Hadjivayanis na kilitoka baada ya Gurnah kupata Nobeli ya 2021. Kijana Yusuf anachukuliwa kwa sababu ya deni la baba yake, baadaye anaingizwa kwenye msafara wa biashara kutoka pwani kuja bara mpaka wanavuka ziwa. Kwa mtu wa Ujiji si ndo habari za mlangoni kwake hizo? Mkamvamia dada wa watu, eti tafsiri siyo kitabu chenyewe, mama akasome cha Kiingereza. Sina hata la kusema.

Mnaokaa Dar mnaona utani kwa sababu ukinunua kibovu kesho unapita dukani unachukua kingine. Huku maduka ninayoyajua mimi ni madaftari, vitabu vya shule na vya dini, riwaya lazima uagize, ulipie kitabu na ulipie basi, kilomita zaidi ya 1,200, ukipotoshwa imekula kwako. Na nyie wa "njoo PM nikupe pdf", mwandishi wa Kiswahili mwenyewe anauza kwa tabu bado mnamwibia, na huyo mama asomee pdf kwenye kiswaswadu?

NYONGEZA: Naona mkuu hapo chini kaandika kila mtu na ladha yake. Hakuna anayebisha. Sasa mbona hakuna hata mmoja aliyeuliza ladha ya mama? Anapenda mapenzi yenye visa, hapendi vita, na vya majini ukimpa anakurushia.

Aliyesoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, kitabu chenyewe siyo filamu, aniambie kama maandishi yake ni makubwa maana macho yanamsumbua. Nataka kuagiza wiki hii. Wa pdf piteni tu.