Naombeni ushauri: darasa la nusu saa kuhusu Umar bin Abdulaziz, nishike lipi?

Mwalimu wa Chuoni
Assalaam alaykum ndugu zangu. Jumamosi baada ya Alasiri nimepewa nusu saa nizungumze na vijana wa madrasa yetu, wengi wako kidato cha tatu na cha nne. Kisa cha huyu khalifa wa Bani Umayya kuzima taa ya Baitul Mal (hazina ya dola) ili azungumze mambo yake binafsi wamekisikia tangu wadogo. Natamani sana waone alivyotawala, si uchamungu wake peke yake. Alitawala tangu mwaka 99 Hijria (717) hadi 101 (720) tu, lakini mambo aliyoyagusa ni mengi. Nishike lipi?

Binti Makorora
Waalaykum salaam ustadhi. Anzia nyumbani kwake. Mkewe, Fatima binti Abdulmalik, alikuwa mtoto wa khalifa na dada wa makhalifa. Inasimuliwa kwamba vito alivyopewa na baba yake vilipelekwa Baitul Mal, na Umar alipofariki, Yazid, kaka yake Fatima aliyeshika ukhalifa, akataka kumrudishia. Fatima akakataa. Wasichana wa darasa lako hawatakisahau hicho.

Mzee Kanzu
Dada kasema vizuri, ila mimi ningekaa kwenye kodi. Kule Khurasan, jimbo la mashariki ya Uajemi, watu walisilimu na bado wakatozwa jizya, kodi ya wasio Waislamu, maana wakubwa walichelea mapato kushuka. Umar akaamuru iondolewe. Gavana wake wa huko, al-Jarrah bin Abdullah, akapewa shauri kwamba hawa wanasilimu kuikimbia jizya, basi wapimwe kwa tohara. Umar akamjibu kuwa Mwenyezi Mungu alimtuma Muhammad (s.a.w.) awe mlinganiaji, hakumtuma awe ngariba. Baadaye akamwondoa. Hapo pana utawala wenyewe: hazina upande huu, haki upande ule, na mtu mmoja lazima aamue. Kabla hujawapa jibu la Umar, waulize wao wangeamuaje.

Mwalimu wa Chuoni
Mzee wangu, Allah akulipe. Hilo la ngariba sikulifikiria kabisa. Sasa niliingieje? Khurasan wengi hawaijui.

Abu Salma
Ingia kwa aya ya 90 ya Suratun Nahl, "Innallaha ya'muru bil 'adli wal ihsan", yaani Mwenyezi Mungu anaamrisha uadilifu na hisani. Wanaisikia kwenye khutba ya Ijumaa. Wasimulie kuwa mimbarini alikuwa akilaaniwa Ali (r.a.), mkwe wa Mtume, Umar akakomesha, na aya hiyo ikasomwa mahali pake. Ukishafika kwenye "adli", nenda moja kwa moja Khurasan.

Mzee Kanzu
Naafiki. Na usiwafiche kwamba Yazid alipomrithi alitengua mengi, kwa sababu wataliuliza. Kukusanywa kwa Hadithi na ugavana wake wa Madina viwekee siku nyingine, nusu saa haitoshi. Vito vya Bi Fatima vitaje iwapo dakika zitabaki.

Binti Makorora
Dakika mbili tu Mzee, asiviache!