Majirani wa Brooklyn Park, Minnesota (Marekani): mlango wa gari umegoma

[05:41] Rehema: Shikamooni majirani, samahani kwa kuwaamsha. Mlango wa gari haufunguki kabisa. Naingia kazini saa moja 😩

[05:42] Mama Baraka: Marahaba mwanangu. Simu yangu inaniambia nje ni hasi 12.

[05:42] Rehema: Ndiyo, hasi 12 ya Farenhaiti. Kwa hesabu ya nyumbani ni kama hasi 24. Mama yangu Morogoro nikimwambia anadhani natania.

[05:43] Baba Tunu: Chemsha birika la maji umwagie mlangoni. Dakika moja tu umeingia.

[05:43] Fundi Hamisi: USIMWAGE MAJI!!! Rehema weka hilo birika chini

[05:44] Fundi Hamisi: Kioo kikiwa na baridi hiyo ukikimwagia maji ya moto kinaweza kupasuka hapohapo. Na kisipopasuka, maji yanateremka ndani ya mlango, yanaganda upya. Ukirudi jioni utakuta shida mbili.

[05:44] Baba Tunu: Mimi kila mwaka natumia maji na sijawahi kupata shida.

[05:45] Fundi Hamisi: Na ule ufa wa kioo chako cha mbele kaka?

[05:45] Baba Tunu: Ule ni jiwe la barabara ya 94. Tusiingize mambo mengine.

[05:45] Mama Baraka: 😂😂😂

[05:46] Fundi Hamisi: Rehema nisikilize. Ukibonyeza rimoti unasikia milango ikilia "kla"?

[05:47] Rehema: Nasikia. Taa pia zinawaka. Lakini nikivuta, mlango umeng'ang'ania.

[05:48] Fundi Hamisi: Basi kitasa chako ni kizima. Kilichoganda ni ule mpira unaozunguka mlango. Jana mchana ilifika 34 ya Farenhaiti, theluji ya kwenye paa ikayeyuka, maji yakatiririka mpaka kwenye mpira, usiku yakawa barafu. Huku watu wengi hulaumu kitasa bure, mwenye kosa ni mpira.

[05:48] Fundi Hamisi: Usivute kishikio kwa nguvu. Plastiki kwenye baridi hii inakatika kama biskuti. Fanya kinyume: egemea mlango kwa bega au kiuno, usukume KWA NDANI, pembe zote, huku na huku. Barafu ikivunjika utaisikia.

[05:49] Mama Baraka: Na glavu umevaa? Kwa upepo huu ngozi iliyo wazi inaganda ndani ya nusu saa. Nimewaona wodini na vidole vyao, sitaki kukuona wewe.

[05:52] Rehema: Nimeegemea mpaka jirani wa mbele kafungua pazia. Wa dereva bado.

[05:52] Fundi Hamisi: Jaribu ya abiria. Anza na upande ambao upepo haukupiga usiku. Ikishindikana nenda buti, uingilie nyuma.

[05:55] Rehema: ABIRIA WA NYUMA UMEFUNGUKA 🙌 Nimepanda juu ya viti na koti hili kubwa, msinicheke. Nimewasha gari, hita imefika mwisho.

[05:56] Aisha: Asubuhi njema. Sisi wa Lamu tulijua barafu ni ya kuwekea samaki 😅

[05:58] Mzee Kamau: Hamisi, na sisi wenye magari ya zamani? Langu halina rimoti, ni ufunguo tu, na leo hauingii kwenye tundu.

[05:59] Fundi Hamisi: Mzee wangu, chako ndicho kitasa kilichoganda kweli. Chukua sanitaiza ya mikono, ile yenye spiriti nyingi, ipake kwenye ufunguo, uingize taratibu, subiri, uchezeshe kidogo. Usilazimishe, ufunguo utakatikia ndani.

[06:00] Aisha: Si watu hupasha ufunguo kwa kiberiti?

[06:01] Fundi Hamisi: Wa chuma kitupu kama wa mzee unaweza, kidogo tu. Wenye plastiki na chipu ndani usithubutu, ukiiunguza chipu gari haliwaki. Wala usipulizie tundu kwa mdomo, pumzi ina unyevu, unaongeza barafu.

[06:02] Baba Tunu: Na ile dawa ya kopo ya kupuliza, WD-40?

[06:03] Fundi Hamisi: Kwa dharura itakusaidia, ila haikai. Ndani ya kitasa mimi napendelea unga wa grafiti, haushiki maji. Na ile chupa ya dawa ya kuyeyusha barafu isikae ndani ya gari. Kuna mteja aliniita usiku, dawa anayo, iko kwenye droo ya gari, gari limefungwa.

[06:07] Rehema: Fundi, balaa jipya. Mlango wa dereva umefunguka nikiwa ndani, sasa HAUFUNGI. Naubamiza unarudi.

[06:08] Fundi Hamisi: Acha kubamiza. Tazama ubavuni mwa mlango, kuna ulimi wa chuma unaodaka nguzo. Umeganda ukiwa umejifunga. Una spiriti?

[06:08] Rehema: Sanitaiza ya kazini ipo mkobani.

[06:09] Fundi Hamisi: Iminie hapo kwa wingi. Kisha vuta kishikio cha nje ukishikilie, usukume ulimi kwa bisibisi au kitu kigumu mpaka uachie. SIYO KIDOLE.

[06:15] Rehema: Umeachia! Umefunga! Naondoka, Mungu awabariki 🙏🏾

[06:16] Mama Baraka: Polepole barabarani. Zamu itakusubiri.

[06:20] Mzee Kamau: Sanitaiza imekubali. Asante kijana.

[06:22] Fundi Hamisi: Karibu mzee. Sasa wote: Jumamosi wanasema itapanda hadi 28 ya Farenhaiti. Nina kopo la silikoni ya kupuliza. Futeni mipira ya milango ikauke kabisa, nitaipaka kwa kitambaa. Msipake grisi wala mafuta ya injini, yanaila raba.

[06:23] Aisha: Na kile kifuniko cha kujazia mafuta? Juzi kituoni nilikipiga ngumi mbele za watu.

[06:24] Fundi Hamisi: Hicho nacho nitakipaka. Njoo kabla ya saa nne, mchana niko kazini.

[06:25] Baba Tunu: Niandike wa kwanza.