Ulinganisho: nyumba 14 Goba, barabara fupi ya kuvuka korongo au ndefu ya kupitia mtaani?

MjengoPamoja

Wakuu, habari za jioni. Tuko familia 14, tumenunua kwa pamoja ekari 4 upande wa Goba, Dar es Salaam, kwenye mteremko unaotazama lami ya Mbezi–Goba. Viwanja vimepimwa, bikoni (alama za mipaka) zipo, watatu wameshamwaga msingi. Kilichotukwamisha ni njia ya kuingilia. Lami tunaiona, honi za daladala tunazisikia, ila katikati yetu na lami kuna korongo.

Kikao kina mapendekezo matatu.

Njia ya kwanza ni kukata moja kwa moja kuvuka korongo, mita 210 hadi kituo cha daladala. Inataka kalavati kubwa (njia ya maji chini ya barabara) na kifusi kingi pande zote mbili.

Njia ya pili ni barabara ya mtaa inayozunguka kwa nyuma, mita 780. Ipo tayari na magari yanapita, lakini ina kipande cha mita 40 kati ya kuta mbili ambapo upana ni mita 3.2 (nilipima kwa futi kamba mwenyewe), na mteremko wa mita 120 unaogeuka sabuni kila masika.

La tatu ni la dada mmoja kwenye kikundi: magari yaishie kwenye eneo la pamoja pale juu, tuingie ndani kwa miguu.

Mchango tuliokubaliana ni milioni 3 kwa familia, yaani milioni 42 za kuanzia. Wenye magari ni 5 kati ya 14, na nimegundua kikaoni tunaoongea zaidi ni sisi watano. Naombeni mawazo kabla hatujaita kijiko, lile trekta la kuchimbia.

FundiMitaro

Mkuu, kijiko kisubiri. Korongo kwanza.

Hilo korongo lina maji mwaka mzima au ni la mvua tu? Kama ni kijito cha kudumu, kuna mambo mawili. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kazi yoyote ya kugusa mkondo inabidi ipite Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, kwa sababu vijito vya Dar viko chini yao. Usijaze kifusi halafu ndiyo uulize.

Hata kama ni kavu, usidanganywe na ukavu wa Agosti. Nimefanya kazi kwenye makorongo ya Mbezi na Kinyerezi. Watu huweka bomba la milimita 600 kwa sababu ni rahisi. Mvua ya kwanza inashuka na matawi, chupa na mifuko, bomba linaziba, maji yanapanda juu ya kifusi na kukikata kama kisu kwenye mkate. Mwaka mmoja tuliitwa kuokoa barabara ya namna hiyo. Asubuhi tulikuta bomba limebaki peke yake katikati ya korongo, pande zote mbili hakuna kitu, na gari moja limenasa ng'ambo ya pili. Lilikaa huko wiki tatu.

Ukitaka kuvusha gari hapo, weka mabomba ya milimita 900 kwa uchache, yawe zaidi ya moja, yawe na kuta za zege mdomoni na mkiani, na pale maji yanapotokea uweke gabioni, yale makapu ya waya yanayojazwa mawe. Bila hizo gabioni maji yanachimba shimo chini ya kalavati lako taratibu na wewe huoni. Kwa milioni 42 ukimaliza kalavati hubakiwi na hela ya barabara.

MamaKifuru

Mimi nitaongea kama mama anayetembea. Hapo juu kila mtu anasema gari. Hizo familia 9 zisizo na gari zinaenda kazini na nini? Na hata hizo 5, baba akiondoka na gari, mama, watoto na dada wa kazi wanaenda na miguu.

Mtu mzima anatembea kama mita 80 kwa dakika. Mita 210 ni dakika tatu. Mita 780 ni dakika kumi, bila mzigo, bila mtoto, bila tope. Ukiwa na ndoo ya dagaa na mtoto mgongoni ni robo saa. Ndiyo sababu watu wanapanda boda kwa umbali ambao wangeutembea. Kwenda na kurudi, siku 26 za mwezi, hesabu wenyewe nauli ya boda ya kwenu hapo mwone inavyofika kwa mwaka.

Wakubwa mtakumbuka wale walioondolewa bonde la Msimbazi baada ya mafuriko ya Desemba 2011 wakapewa viwanja Mabwepande. Kiwanja kilikuwa kizuri, kikavu, lakini aliyekuwa anauza samaki mjini alianza kuamka usiku wa manane ili awahi. Kiwanja bila njia ya kufika kwenye riziki kinamla mtu kidogo kidogo.

Nawaomba msiiache ile njia fupi. Ila siyo lazima iwe ya gari.

BajajiMbezi

Mama Kifuru kaongea. Mimi ni dereva, niko Mbezi Mwisho mwaka wa saba, naomba niseme kitu ambacho wajenzi hawatuulizi.

Abiria akiniambia Goba ndani ndani, naangalia vitu viwili: mlima na pa kugeuzia. Mlima wenye mchanga au utelezi, bajaji yenye tairi tatu inachimba kwa tairi la nyuma na la mbele linanyanyuka. Nikishindwa kugeuza, narudi kinyumenyume mita mia usiku na taa hafifu. Mara ya pili sikubali tena, au napandisha nauli. Kwa hiyo mkitengeneza njia ya mtaa, mwisho wake wekeni uwanja wa kugeuzia. Gari la taka na boza la maji nao watawashukuru. Mtaa usiogeuzika gari la taka halishuki, mtabeba mifuko hadi juu.

Na ule mteremko wa mita 120, mkimwaga moramu (udongo wa changarawe wa barabara) hapo mnapoteza hela.

MpimaWaPwani

Naunga mkono na naongeza upande wa makaratasi.

Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) tangu mwaka 2017, na barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS (wakala wa barabara wa taifa). Popote mtakapotokea kwenye lami, hata iwe ni mdomo wa mita 4 tu, ombeni kibali kwa mamlaka inayohusika kabla ya kukata. Pia angalieni hifadhi ya barabara, yaani ardhi ya barabara pande zote mbili isiyoruhusiwa kujengwa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Waliobomolewa nyumba kando ya Barabara ya Morogoro, Kimara hadi Kiluvya, mwaka 2017 wengi waliamini wako salama. Msiweke geti, ukuta, wala kibanda cha mlinzi ndani ya hifadhi.

Kile kipande cha mita 3.2: gari la zimamoto lina upana wa kama mita 2.5. Linapita penye mstari ulionyooka. Halipiti kwenye kona. Je, hizo mita 40 zimenyooka?

MjengoPamoja

Asanteni sana. Mpima, zimenyooka isipokuwa mwisho wake kuna kona kali, na hapo ndipo ukuta wa jirani mmoja ulipojitokeza. Fundi, korongo ni la mvua, sasa hivi ni kavu, lakini kuna mstari wa takataka kwenye vichaka, juu kidogo ya goti langu.

Kijana_wa_Madale

Samahani, mimi nipo tofauti na wote. Jengeni kalavati, kopeni hata benki. Thamani ya kiwanja ni kuona gari linafika kutoka lami. Madale viwanja vilivyoko karibu na lami vinauzwa haraka, vya ndani vinakaa miaka.

FundiMitaro

Ndugu yangu wa Madale, thamani naielewa. Lakini barabara iliyokatika thamani yake ni nini? Mnunuzi atakuja Aprili.

MpimaWaPwani

Tena ile ya mtaa ina faida ambayo haionekani kwenye kikao. Ni njia ya umma, ipo kwenye mchoro, ina majirani wengine wanaoitumia. Mkiifufua, mnaweza kwenda serikali ya mtaa na majirani wakachangia, na baadaye mkaomba iingizwe kwenye matengenezo. Kalavati lenu binafsi ndani ya eneo lenu mtalitengeneza wenyewe maisha yote.

Kwenye kona, msibomoe ukuta wote. Mwombeni jirani awauzie pembe tu, mita 1.5 kwa 1.5 kama pembetatu. Mjenge upya ukuta wake kwa gharama yenu, uwe mzuri kuliko wa mwanzo. Muandikishane mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mpima aweke bikoni mpya. Neno la mdomo kwenye pembe ya ukuta huzaa kesi ya watoto.

FundiMitaro

Basi nipige hesabu ya hiyo ya mtaa. Mita 780, tuchukue upana wa mita 4.5 kote ili hesabu iwe rahisi, ingawa penye kuta ni pembamba. Mita 120 za mteremko tuziweke kando. Zinabaki 660. Moramu ya sentimita 15 ikishashindiliwa ni kyubiki (mita za ujazo) 445 na ushee. Moramu ikiwa bado haijashindiliwa inataka kama robo zaidi, yaani karibu kyubiki 560, sawa na tipa 37 au 38 za kyubiki 15. Hesabuni tipa zikimwaga, msihesabu kwenye risiti.

Mteremko: pevingi (matofali ya zege ya kutandika chini) za milimita 80, siyo zile za 60 za uani. Eneo ni mita za mraba 540. Zifungwe pembeni kwa kerbstoni (mawe ya ukingo) zilizoshikwa na zege, la sivyo zinateremka zote kama karata. Kama hela haitoshi, wekeni zege la mistari miwili ya tairi na katikati mawe. Lakini bajaji ina tairi la mbele katikati, kwa hiyo mawe yasiwe yamechomoza.

Na barabara iwe na mgongo. Kwa moramu, katikati iwe juu kuliko pembeni kwa sentimita 11 hivi kwa upana huo. Vuta kamba na ulevo (pimamaji), pima kila mita 10, usikubali greda aseme "nimeona kwa macho". Mitaro pande zote mbili, na mtaro uwe na pa kumwaga. Mtaro usio na mwisho ni bwawa refu.

MamaKifuru

Na njia ya miguu? Msiisahau tena.

FundiMitaro

Sijaisahau, mama. Daraja la miguu la zege, upana mita 2, juu ya korongo. Halina kifusi, maji yanapita chini huru. Ni kazi ndogo mno ukilinganisha na kalavati la gari. Ngazi msiweke, wekeni mteremko wa kupandia, maana kuna kiti cha magurudumu, kuna mkokoteni, kuna mama na kitoto.

BajajiMbezi

Bodaboda watalipitia, nawaambia mapema. Wekeni nguzo katikati, lakini pande ziachwe mita 0.9 kila upande ili kiti cha magurudumu kipite. Boda nayo itapita hapo, ila itabidi ipunguze mwendo, na hilo ndilo mnalotaka.

MamaKifuru

Na taa. Za jua, angalau tatu: mwanzo, katikati, mwisho. Halafu msijenge ukuta mrefu pande zote mbili za kile kijia. Binti akitoka shifti saa nne usiku anataka aonekane kutoka madirishani. Wenye viwanja vinavyopakana na kijia waweke michongoma ya kiunoni au wavu. Kijia chenye kuta mbili ndefu hakuna mwanamke atakayekipita gizani, hata kiwe na zege la namna gani.

Kijana_wa_Madale

Sawa, hapo mmenipata. Lakini hilo pendekezo la maegesho ya pamoja mmelipita tu.

MpimaWaPwani

Lichukueni nusu. Barabara ya ndani ifike kila kiwanja, kwa sababu ya zimamoto, mgonjwa na gari la kunyonya majitaka. Lakini magari ya wageni na ya pili ya familia yaegeshwe pale kwenye uwanja wa kugeuzia, juu. Mkifanya hivyo barabara ya ndani inaweza kuwa nyembamba, watoto wakacheza, na ardhi inayobaki mkapanda miti. Uwanja wenyewe usipangwe magari hadi katikati, maana utaacha kuwa wa kugeuzia.

FundiMitaro

Mkuu Mjengo, kitu kimoja kabla hamjachora daraja. Ule mstari wa takataka kwenye goti ni wa mvua ya kawaida. Tafuteni mzee aliyekuwepo mvua za El Niño za 1997 na 1998, na mwingine aliyeona zile za mwisho wa 2023. Awaonyeshe kwa kidole.

MjengoPamoja

Nimerudi, wakuu. Jumamosi tulienda sita, na chokaa na kamba. Jirani wa pembe amekubali, Jumatano tunaonana naye ofisi ya mtaa pamoja na mpima. Kikao kimepitisha barabara ya mtaani kwa magari na daraja la miguu korongoni, na familia 9 ndizo zilizopiga kura kwa sauti safari hii.

Kuhusu maji, bibi mmoja anayeuza maembe ng'ambo ya korongo ameishi pale tangu ni mashamba. Hakusema neno. Alitushika mkono hadi kwenye mwembe wake, akaweka kiganja juu ya kovu kwenye shina, pale gogo lililosombwa lilipogonga mwaka ule wa 1998. Tulipima kutoka chini ya korongo: mita 2 na sentimita 30. Mchoro wetu ulikuwa umeweka daraja mita 1.8. Tumelipandisha hadi mita 3, na mteremko wa kupandia umeongezeka urefu, kwa hiyo Fundi nakuomba uutazame kabla hatujasuka nondo.

FundiMitaro

Nitumie mchoro. Na bibi mnunulieni maembe.